Hisabati Mbele ya Skrini: Mashindano ya Mtandaoni kwa Watoto wa Shule

Mashindano ya hisabati yanayoendeshwa kwa intaneti kwa ajili ya watoto wa shule za msingi huonekana kuwa zao la juzi, hasa kwa kuwa mengi yalivuma baada ya shule kufungwa mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, lakini umbo lake lilikwisha kukamilika zamani, kabla kompyuta haijaingia majumbani. Msingi wa umbo hilo ni mmoja, nao ni kwamba jibu la mtoto sharti liwe la aina ambayo mashine yaweza kulisahihisha peke yake, ama herufi moja kati ya tano au namba kamili isiyo na maelezo yoyote. Sharti hilo dogo ndilo lililowezesha mashindano hayo kuwafikia mamilioni ya watoto, na ndilo pia asili ya udhaifu wake.

Nchini Australia, Peter O'Halloran aliongoza kuanzishwa kwa mashindano ya taifa mwaka 1978, ambamo wanafunzi walitia alama za penseli kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hizo zikasomwa na mashine. Wahisabati wawili wa Ufaransa, André Deledicq na Jean-Pierre Boudine, waliuchukua utaratibu huo na mwaka 1991 wakaendesha mashindano yao ya kwanza, yaliyowavuta wanafunzi wapatao 120,000, wakayapa jina la kangaruu kwa heshima ya Australia. Mwaka 1994 iliundwa jumuiya iitwayo Kangourou sans Frontières, yaani kangaruu wasio na mipaka, yenye makao yake Paris, na leo mashindano hayo hufanyika kila mwaka mwezi Machi katika nchi nyingi, kuanzia darasa la kwanza hadi mwisho wa sekondari. Shule zilipofungwa mwaka 2020, waandaaji katika nchi kadhaa waliyahamishia mtandaoni, kazi ambayo haikuwa nzito sana, kwa sababu maswali yalikwisha kuandikwa kwa ajili ya msahihishaji asiyefikiri.

Namna alama zinavyotolewa yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani humo mna hisabati ambayo washiriki wenyewe mara nyingi hawaioni. Katika kanuni za kawaida za Kangaruu, watoto wa madarasa ya chini hupewa maswali 24 yaliyogawanywa katika mafungu matatu, yaani manane ya alama 3, manane ya alama 4 na manane ya alama 5, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Anayekosea hukatwa robo ya thamani ya swali, na anayeliacha swali wazi hakatwi kitu. Mtoto anayebahatisha maswali matano ya alama 4 hutarajiwa, kwa wastani, kupata moja na kukosa manne, hivyo hujipatia alama 4 na kupoteza alama 4, na kubahatisha kwake hakumfaidii wala hakumdhuru. Na kwa kuwa anayekosea maswali yote 24 angekatwa jumla ya alama 24, kila mshiriki huanza akiwa na alama 24 mkononi, ili pasiwe na mtoto anayerudi nyumbani na matokeo yaliyo chini ya sifuri. Ni huruma iliyopigiwa hesabu. Baadhi ya nchi, Marekani ikiwa mojawapo, hazikati alama kabisa, na huko huko Marekani mtihani uitwao AMC 8, wenye maswali 25 ya kujibiwa kwa dakika 40, vilevile haumwadhibu anayekosea, jambo linalomfanya mwanafunzi mwerevu asiache swali lolote wazi muda unapokaribia kwisha.

Ubora wa mashindano ya namna hii hupimwa zaidi kwa majibu yaliyo makosa kuliko kwa lile lililo sahihi. Majibu hayo, ambayo wataalamu wa upimaji huyaita vipotoshi, hayatungwi ovyo, bali kila kimoja hukusudiwa kumnasa mtoto aliyekosea kwa namna fulani mahususi. Tuseme gogo lenye urefu wa mita 10 linakatwa kwa msumeno kuwa vipande vya mita 2, na kila mkato huchukua dakika 3, kisha mtoto anaulizwa kazi yote itachukua dakika ngapi, akipewa majibu 5, 10, 12, 15 na 30. Anayechagua 5 amehesabu vipande akasahau kilichoulizwa, anayechagua 30 amezidisha namba ya kwanza na ya mwisho alizoziona, na anayechagua 15 amefikiri vizuri karibu hadi mwisho, ila hakutambua kwamba vipande vitano hupatikana kwa mikato minne, kwa hiyo jibu ni 12. Mwalimu akipata orodha ya majibu ya darasa lake akaona kwamba wengi wamechagua 15, amejua somo la kesho, ilhali orodha ya washindi peke yake isingemwambia lolote.

Si mashindano yote ya mtandaoni yanayofuata njia hii. World Math Day, yaliyoanza mwaka 2007, huwakutanisha watoto wa nchi mbalimbali katika michezo ya hesabu za kichwa ya sekunde 60, na hapo kinachopimwa ni wepesi wa kukumbuka majedwali ya kuzidisha. Wepesi una nafasi yake, lakini kuuita kipimo cha kipaji cha hisabati ni kuutwika mzigo usio wake.

Mchuano wa Purple Comet, ulioasisiwa na Titu Andreescu na Jonathan Kane mwaka 2003, ulikuwa wa mtandaoni tangu mwanzo, tena haudai ada. Wanafunzi hushiriki kwa timu isiyozidi watu sita, na wale wa shule za kati, yaani ngazi iliyo baina ya msingi na sekondari ya juu katika mfumo wa Marekani, hupewa maswali 20 kwa dakika 60. Majibu yake ni namba na si herufi, kwa hiyo kubahatisha hakusaidii sana. Kila timu huwa na mtu mzima anayeisimamia na kuyatuma majibu, na mashindano yote yanategemea uaminifu wake.

Suala la usimamizi ndilo gumu kuliko yote. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya mwaka 2020, iliyoandaliwa na Urusi, ilifanyika bila timu kusafiri, lakini kila nchi iliwaketisha wanafunzi wake katika kituo chenye wasimamizi. Mtoto wa miaka tisa anayejibu maswali akiwa chumbani kwake hana msimamizi ila mzazi, ambaye ndiye mwenye shauku kubwa ya kuona anashinda. Waandaaji wengine huchanganya mpangilio wa maswali au hutaka kamera iwashwe, lakini programu ya Photomath, iliyotolewa mwaka 2014, iliwezesha simu kusoma mlinganyo na kuutatua, na akili mnemba ya siku hizi husoma hata mafumbo ya maneno. Kwa hiyo matokeo ya mtihani uliofanyiwa nyumbani yanafaa kumpa mtoto mazoezi na furaha, wala hayafai kugawa nafasi za masomo au fedha.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kikwazo kingine mbali na gharama ya vifurushi na kukatika kwa umeme, nacho ni lugha. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, na swali la gogo na msumeno likiulizwa kwa Kiingereza hupima kwanza msamiati, kisha ndipo lipime fikra. Hata hivyo, maswali ya miaka iliyopita ya Purple Comet huwekwa wazi bila malipo pamoja na majibu yake, na mwalimu mmoja mwenye simu anaweza kuyatafsiri, kuyaandika ubaoni na kuwaacha wanafunzi wake wabishane juu yake bila saa kuhesabu.