Usingoje Unga Uishe Ndipo Uagize

Unga ukiisha dukani kwako Birongo, mteja hangoji. Anavuka barabara, na sukari na sabuni ananunua huko huko.

Fanya hesabu hii. Tuseme unauza pakiti 4 kwa siku, na ukiagiza Kisii mjini mzigo unakufikia baada ya siku 3. Hizo ni pakiti 12, yaani beli moja ya kilo mbili mbili. Ongeza 4 za dharura. Zikibaki 16, agiza! Oktoba, wakulima wa majani chai wakilipwa bonasi ya KTDA, wateja huongezeka, kwa hivyo rudia hesabu mapema.

Pesa ya kuagiza itatoka wapi? Kama pakiti ulinunua sh. 130 ukauza sh. 145, faida yako ni sh. 15 tu. Ile 130 ni ya unga unaofuata, hata kama iko kwa simu. Itenge kila jioni kabla ya matumizi.

Kumbuka, taarifa ya tili huonyesha pesa iliyoingia. Haionyeshi kilichotoka kwa rafu wala cha deni. Hayo yaandike kwa daftari.

Leo ukifunga duka, anza na bidhaa moja tu: hesabu unga.