Kamera Itoke Mwisho: Maandalizi ya Dokumentari Katika Vijiji vya Mwambao

Washirika wetu wa Ulaya wanapotuandikia kwamba wanataka kuja kupiga dokumentari kuhusu maisha ya vijiji vya mwambao, kaskazini mwa mji wa Kigoma, swali lao la kwanza huwa ni kama kuna umeme wa kuchaji betri. Swali hilo ni la msingi, lakini si la kwanza. Katika makala haya tunaeleza mambo tunayoyafanya kabla kamera haijatoka kwenye begi, na sababu zake.

Tulijifunza kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita tuliwapeleka wageni katika kijiji kimoja, wakampiga picha mtoto aliyekuwa akilia ufukweni alfajiri. Mwaka uliofuata picha ile ilirudi ikiwa kwenye kalenda, na chini yake imeandikwa kwamba mtoto huyo ni yatima. Baba yake ni mvuvi, na alfajiri ile alikuwa bado ziwani. Alituuliza swali moja tu: "Nani aliwaambia kuwa nimekufa?" Hatukuwa na jibu. Wageni walikuwa wetu.

Mkoa unaojua kamera

Kigoma imepigwa picha muda mrefu. Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za sokwe na za kazi ya Jane Goodall, na mwaka 1965 filamu ikaonyeshwa katika televisheni ya Marekani. Mwaka 2017 ilitoka filamu nyingine, "Jane", iliyotokana na zaidi ya saa 100 za mikanda ile ya zamani. Kazi hizo zimeijulisha dunia Gombe. Hata hivyo, aliyeona filamu hizo peke yake anaweza kudhani kwamba msitu ule hauna majirani, wakati kijiji cha Mwamgongo kimepakana nao.

Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Kagunga. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa katika ufukwe ule mwembamba, kipindupindu kikazuka, na MV Liemba ikawabeba kwenda Kigoma. Kwa watazamaji wengi wa nje, Kagunga ni jina la maafa yale tu. Hapa tunaona kwamba filamu inaweza kusema kweli na bado ikaacha watu nje.

Hatua tunazofuata

1. Kijiji kikubali kwanza. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo wageni hutuandikia mapema. Wanakijiji huelezwa filamu inahusu nini na itaonyeshwa wapi, na wana haki ya kukataa. Akina mama wanaoanika dagaa tunakutana nao peke yao, kwa sababu mkutanoni wengi wao hukaa kimya.

2. Vibali. Filamu husimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya sheria ya mwaka 1976. Ndani ya hifadhi ya Gombe inahitajika pia ruhusa ya TANAPA. Barua hupitia mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Lakini kibali cha serikali hakimruhusu mtu kuingia na kamera nyumbani kwa mwenzake.

3. Kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mgeni anayefika siku hizo ataona wanaume wamekaa, kisha ataandika kwamba vijana hawana kazi. Aidha, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tangazo la serikali lisomwe kabla ya kununua tiketi za ndege.

4. Usafiri. Vijiji vingi hufikika kwa boti. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa, hivyo ratiba iwe na siku za akiba, na kila abiria avae jaketi la kujiokolea.

5. Lugha na ridhaa. Wazee wengi hujieleza vizuri zaidi kwa Kiha. Mkalimani asiwe mtendaji wala mtumishi wa mradi. Mbele yetu watu husifu kisima hata kama pampu imeharibika. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi.

6. Kurudisha. Filamu ionyeshwe kijijini kabla haijakamilika, kwa jenereta na shuka jeupe. Anayetaka kuondolewa aondolewe, na maneno yatakayowekwa chini ya picha yasomwe kwa sauti.

Hatua hizi huchelewesha kazi, na kuna wageni waliokata tamaa wakaenda kwingine. Tumekubali hasara hiyo.

Tulipopeleka ombi jipya katika kijiji kile, yule baba alikuwa wa kwanza kusimama. Hakukataa. Alitoa sharti moja: atakayepiga picha kwanza apande mtumbwi wake jioni, akeshe naye ziwani, ndipo ampige picha mtoto wake asubuhi. Mkutano uliafiki, na sharti hilo tumeliandika katika mkataba.

Tunaziomba sharika zinazotarajia wageni wa aina hii ziwasiliane na ofisi ya miradi mapema, kabla ya kujibu barua.