Neno "Bunt" na Kichwa cha Mbuzi

Fungueni madaftari, mshike kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: BUNT. Hutamkwa "bant".

Neno hili ni la Kiingereza, nalo ni neno la kutenda. Hutumika katika besiboli, mchezo upendwao sana Marekani. Kwanza na tuutazame mchezo wenyewe.

Mchezaji wa upande mmoja hutupa mpira, na wa upande wa pili husimama na gongo la mti ili aupige. Uwanjani mna vituo vinne. Toka kimoja hadi kingine ni futi 90. Mchezaji akivizunguka vyote, akarudi alipoanzia, upande wake hupata alama moja.

Kwa kawaida mpigaji hupiga kwa nguvu zake zote. Lakini mara nyingine hataki mpira uende mbali. Hapo hulilaza gongo mbele yake, mkono mmoja huku na mmoja huku, akauacha mpira uligonge na kuanguka karibu. Tendo hilo ndilo "bunt".

Je, neno limetoka wapi? Bila shaka mmekwisha kumwona mbuzi akigombana na mwenziwe. Huinamisha kichwa, akamsukuma nacho. Waingereza walilitumia neno "bunt" kwa tendo hilo la mnyama kabla halijaingia mchezoni. Wachunguzi wa lugha hudhani kuwa ni neno "butt", lenye maana hiyo hiyo, lililogeuka kidogo vinywani mwa watu. Tazameni basi: gongo lile nalo huusukuma mpira kama kichwa cha mbuzi.

Dickey Pearce, mchezaji wa Brooklyn, hutajwa kuwa mmoja wa watu wa kwanza kupiga hivyo, katika miaka ya 1860.

Faida yake ni nini? Wapinzani waliosimama mbali hulazimika kuukimbilia mpira. Wakati huo mwenzake mpigaji, aliyekwisha kufika kituo cha kwanza, hukimbilia cha pili. Mara nyingi mpigaji mwenyewe hutolewa. Wamarekani huliita pigo hilo sadaka, kwa kuwa mtu amejitoa ili mwenziwe asogee. Tena lina hatari: mpigaji aliyekwisha kukosa mara mbili, akijaribu hivyo na mpira ukatoka nje ya mstari, hutolewa papo hapo.

Basi, msiliogope neno geni. Ulizeni limetoka wapi. Huenda mkamkuta mnyama mnayemfahamu. Hata neno letu "piga" limesafiri: twapiga ngoma, twapiga pasi, twapiga simu, wala hatuichapi simu kwa fimbo!

Kazi yenu: andikeni sentensi tatu zenye neno "piga", kila moja kwa maana yake. Msomeaneni darasani.

Kwaherini, hadi somo lijalo.