Kioo safi bila mistari: tuliyojifunza kwa madirisha manne



Juma lililopita tulipokutana kwa likelemba yetu hapa Goma, mama mmoja wa kikundi alifika akiwa na huzuni. Yeye anafanya kazi ya usafi katika nyumba ya watu. Mwisho wa mwezi walimkata sehemu ya mshahara, wakisema ameharibu vioo vya sebule. Mwanzoni walimlaumu kwa mistari myeupe iliyobaki kila alipoosha. Akaongeza sabuni, mistari ikazidi. Mwishowe akasugua kwa nguvu na unga wa kusugulia sufuria, na sasa vioo vina mikwaruzo isiyotoka.

"Niliosha mara tatu kwa siku moja," alituambia, "na bado wakaniita mvivu."

Wengi wetu tulinyamaza, maana madirisha ya nyumbani kwetu yana mistari ileile. Tukaona kumpa pole tu haitoshi. Jumba letu la mkutano lina madirisha manne. Tukachukua ndoo, tukaosha kila dirisha kwa namna yake, kisha tukalinganisha.

Madirisha manne

Dirisha la kwanza tuliliosha kwa maji ya ziwa na sabuni ya unga nyingi, kama wengi tunavyozoea. Lilipokauka lilikuwa na ukungu, na kidole kikipita kinaacha alama. Ni sabuni iliyobaki juu ya kioo.

La pili tulitia sabuni kidogo, tukaliacha likaushwe na jua. Likabaki na madoa meupe. Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka ndani yake. Maji yakikauka yanaondoka, lakini chumvi hizo zinabaki kwenye kioo.

La tatu tulifanya vilevile, ila tulilikausha kwa kitambaa mara moja, kabla jua halijalifikia. Likatoka safi. La nne tuliliosha kwa maji ya mvua na kulikausha upesi, nalo ndilo lililong'aa kuliko yote. Kwa hiyo mistari inatoka kwa sabuni iliyozidi na kwa maji yaliyoachwa yakauke yenyewe. Mama yule hakuwa mvivu hata kidogo.

Vumbi letu linakwaruza

Mikwaruzo ni jambo jingine. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002, lava ilipita katikati ya mji. Mwaka 2021 ikashuka tena hadi pembeni. Mawe hayo yanasagwa kila siku na magari na pikipiki, na vumbi lake jeusi linatua madirishani. Chembe zake ni ngumu. Ukizikandamiza kwa kitambaa, ni kama unapitisha msasa kwenye kioo. Unga wa sufuria nao unakwaruza vilevile.

Namna ya kufanya

1. Chagua asubuhi mapema au jioni, dirisha likiwa kivulini. Kioo chenye moto kinakausha maji kabla hujapangusa.
2. Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini iliyo kavu, toka juu kwenda chini, pamoja na fremu na pembe zake. Kisha mwagia kioo maji mengi bila kusugua.
3. Katika maji ya lita 5, tia kijiko kidogo kimoja tu cha sabuni ya maji. Povu likijaa ndoo, umezidisha. Kwa dirisha la jikoni lenye moshi wa makala na mafuta, tumia maji ya uvuguvugu.
4. Osha kwa kitambaa laini na ukisuuze mara kwa mara. Maji yakiwa meusi, yamwage.
5. Suuza kwa maji safi katika ndoo nyingine. Maji ya mvua yanafaa sana, ila yale ya kwanza kutoka kwenye bati yaache yapite, maana yanabeba vumbi na kutu.
6. Kausha mara moja kwa triko ya zamani ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Kitambaa kipya kinaacha manyoya.

Upande wa ndani pangusa kwa kwenda kushoto na kulia. Upande wa nje pangusa toka juu kwenda chini. Ukiona mstari umebaki, utajua mara moja uko upande gani.

Madoa meupe ya zamani yanalegea kwa siki: kikombe 1 cha siki kwa vikombe 4 vya maji. Paka, subiri dakika chache, suuza, kausha.

Javeli na siki zisikutane

Hapa tunaomba kila mama asome mara mbili. Katika mazungumzo yetu, mmoja alisema yeye huchanganya javeli na siki ili dawa iwe kali zaidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu. Javeli isichanganywe na siki, ndimu, amonia wala dawa ya kusafishia choo. Kwenye kioo haihitajiki kabisa. Ikitokea kosa, watoe watoto wote nje kwenye hewa safi, na anayekohoa au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Tena, tusiweke javeli katika chupa ya maji ya kunywa au ya sukari. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akiinywa, usimtapishe, mpeleke haraka pamoja na chupa yenyewe.

Kwa mama anayefanya kazi kwa watu

Pesa za mwenzetu hazijarudi. Wawili kati yetu watamsindikiza ili azungumze na mwenye nyumba kwa heshima. Lakini tumekubaliana jambo moja kwa wote: siku ya kwanza ya kazi, zunguka nyumba pamoja na mwenye nyumba, mwonyeshe kila kioo chenye ufa au mkwaruzo, nawe uandike kwenye daftari mbele yake. Ukipewa dawa usiyoijua, uliza kabla ya kuitumia.

Jumamosi ijayo tutaosha tena madirisha ya jumba letu, na mwenzetu ndiye atakayetuongoza. Kila mama alete triko moja ya zamani. Mwenye bidoni ya maji ya mvua, aje nayo.