Themptander na Deni la Krona Kumi na Moja

Robert Themptander, waziri mkuu wa Sweden tangu mwaka 1884 hata 1888, hakuangushwa na wapiga kura. Aliangushwa na deni la kodi, na deni lenyewe halikuwa lake.

Alizaliwa Stockholm mwaka 1844, wala hakuwa wa ukoo wa makabaila. Jambo hilo lilikuwa na uzito katika nchi ambayo hadi mwaka 1866 bunge lake liligawanyika kwa tabaka nne: makabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima. Alipanda kwa kalamu katika ofisi za serikali, akawa waziri wa fedha mwaka 1881, na alipotimiza miaka 40 akatwaa uwaziri mkuu. Cheo hicho, kiitwacho kwa Kiswidi statsminister, yaani "waziri wa dola", kilikuwa bado kichanga, kwani kiliwekwa mwaka 1876. Mwenye kukishika alikuwa kwanza mtumishi wa mfalme. Wingi wa kura bungeni haukumweka wala haukumwondoa kisheria.

Kazi yake kubwa ilikuwa mapatano ya mwaka 1885. Wakulima walilemewa na kodi za kale za ardhi na gharama za kuwatunza askari, nao hawakukubali jeshi liongezwe nguvu kabla ya kupunguziwa mzigo. Louis De Geer alijiuzulu kwa ajili ya suala hilo mwaka 1880, na Arvid Posse mwaka 1883. Themptander alipunguza mizigo hiyo kwa asilimia 30, na badala yake muda wa mafunzo ya askari wa lazima ukaongezwa kuwa siku 42. Kila upande ulipata kidogo kuliko ulivyotaka, na pengine ndiyo maana mapatano yalishika.

Ila nafaka za Urusi na Marekani zilikuwa zikiingia kwa bei rahisi mno, na wakulima wengi wakadai ushuru wa forodha. Watu wa mijini waliogopa kupanda kwa bei ya mkate. Themptander alishikilia biashara isiyo na ushuru. Mwaka 1887, Baraza la Pili la bunge lilipoelekea upande wa ushuru, Mfalme Oscar II alilivunja, jambo lisilopata kutokea tangu bunge jipya lianze. Wapinzani wa ushuru wakashinda. Uchaguzi wa kawaida ukafuata majira ya vuli, na Stockholm ikachagua wajumbe 22, wote wa upande wa waziri mkuu.

Hapo ndipo ikagunduliwa kwamba mmoja wao, Olof Larsson, alidaiwa kodi ya miaka ya nyuma, krona 11 na öre 58. Mwenye deni la namna hiyo hakustahili kuchaguliwa. Lakini kila mpiga kura alikuwa ameandika majina yote 22 katika karatasi moja, na shauri likasimama juu ya tafsiri: je, jina lisilofaa hujifuta peke yake, ama huifuta karatasi nzima? Ikaamuliwa kuwa karatasi nzima ni batili. Hivyo kura zote zenye jina la Larsson zikatupwa, na viti vyote 22, karibu sehemu moja katika kumi ya Baraza la Pili, wakapewa wafuasi wa ushuru walioshindwa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mzaha, na hapana shaka kina uchekeshaji wake. Lakini wafuasi wa ushuru walikuwa wakizidi katika Baraza la Kwanza pia, na deni lile liliharakisha tu jambo lililokuwa likija. La ajabu zaidi ni mwenendo wa Themptander mwenyewe: sheria haikumlazimisha kuondoka, wala mfalme hakuwa adui yake, lakini aliona kwamba hawezi kutawala na bunge lisilomfuata. Alijiuzulu mwezi wa Februari 1888, nafasi yake ikashikwa na Gillis Bildt. Mwaka huo huo ushuru wa nafaka ukapitishwa, na chama cha wakulima kikapasuka pande mbili kwa ajili yake. Themptander akapewa ugavana wa mkoa wa Stockholm, akaushika hata mwaka 1896. Alifariki Januari 1897, akiwa na umri wa miaka 52.