Dishi Ardhini, Paa Liachiwe Maji

Mtu wa Pwani anayehamia Kwa Vonza, katika kaunti ya Kitui, hana budi kujifunza upya namna ya kulitazama paa. Kwetu Mwambao paa ni kivuli na sitara. Kule ni kisima. Mvua za Ukambani ni haba, na zinazotegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Disemba. Tone liangukalo juu ya mabati hupokewa na mifereji likapelekwa tangini, na maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadha hadi msimu mwingine. Basi fundi anayepanda juu na keekee yake, akalitoboa bati ili afunge dishi la televisheni, ameitia nyumba hasara ambayo hakuiandika katika hesabu yake.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kina makao yake makuu hapo Kwa Vonza, nacho kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kwa ajili ya masomo, kazi na biashara, watu wa mbali huweka makazi hapo, na wa kwetu wamo. Aliye mbali na kwao hutamani kuisikia lugha yake na kupata habari za nyumbani. Na Ramadhani inapokaribia, watoto huuliza kama wataziona tarawehe za Makka. Kwa hiyo dishi hununuliwa. Linalobaki ni mahali pa kuliweka, na sisi twasema: ardhini, juu ya mlingoti wake wenyewe.

Sababu ya maji tumekwisha kuitaja, ila haikomei kwenye tundu. Mabati yakikanyagwa hupinda, misumari hulegea, na chuma cha dishi kikianza kutu, kutu hiyo huteremka na mvua hadi tangini. Iko sababu nyingine ambayo wanaume aghalabu hawaifikirii. Dishi la paani humleta mwanamume mgeni juu ya nyumba kila linapoharibika, na aliye juu ya paa huuona ua wako na ua wa jirani, wanawake wakiwa katika kufua na kupika bila ya kujitanda. Sitara ya nyumba tatu nne huvunjwa kwa ajili ya taarifa ya habari! Dishi la ardhini, fundi hulijia kwa kubisha hodi kama mgeni mwingine yeyote. Na mama wa nyumba mwenyewe aweza kulipangusa vumbi, akaangalia kama bolti imelegea, pasipo ngazi wala hatari ya kuanguka.

Sasa tuje kwenye mlingoti, maana kazi yote iko hapo. Watu hutoa fedha nyingi kwa dishi na king'amuzi, kisha wakavisimamisha juu ya bomba jembamba lililozikwa shubiri mbili. Setilaiti hizi ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, zikizunguka sambamba na dunia hata zikaonekana zimesimama pahali pamoja. Kwa umbali huo, mlengo ukikosea digrii moja tu, unapita kando kwa zaidi ya kilomita 600. Na digrii moja si kitu kikubwa: mlingoti ulioegemea sentimita 1 kwa kila sentimita 60 za urefu wake umekwisha kuikosea. Jicho haliwezi kuona upogo huo, timazi huuona.

Bomba liwe la chuma kilichopakwa zinki, unene wake ulingane na bano la dishi, ambao mara nyingi ni inchi 2 hivi. Urefu wa mita 2 na nusu watosha, sentimita 70 au 80 zikiwa ndani ya ardhi, na dishi likibaki juu ya vichwa vya mbuzi na punda. Chini ya shimo tupeni kokoto ili maji yasituame. Kabla ya kulisimamisha bomba, fundi alitoboe karibu na mwisho wake wa chini na apitishe kipande cha nondo kilichokingama. Bila ya hicho, upepo utalizungusha bomba ndani ya zege kama mchi kinuni. Zege liwe la saruji fungu moja, mchanga mafungu mawili na kokoto mafungu matatu au manne. Timazi au pimamaji ipimwe mbele na ubavuni pia, kwani bomba laweza kunyooka ukilitazama huku na likawa limeinama ukilitazama kule. Juu, zege liinuliwe kuliko ardhi na literemke pande zote, na mdomo wa bomba uzibwe mvua isiingie.

Kisha lisubiriwe. Hapa ndipo tunapovutana na mafundi, maana fundi anataka kumaliza siku moja akapokee ujira wake. Zege likae siku tatu au zaidi kabla ya kubebeshwa dishi, na linyunyiziwe maji asubuhi na jioni, kwani jua la Kitui hulikausha upesi likapasuka. Penye udongo mwekundu wa kichanga kazi ni nyepesi. Penye udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kufura wakati wa mvua, shimo liongezwe kina, au afadhali mtafute mahali pengine uani.

Kuhusu upande wa kuelekeza, nyumba ya Kiislamu ina dira tayari. Kwa watu wa Mwambao neno kibla na upande wa kaskazini ni karibu jambo moja, na Kwa Vonza nako ni vivyo hivyo: Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kwa digrii 5 hivi. Aliyesimama juu ya msala wake, mkono wake wa kushoto ni magharibi, na huko ndiko linakotazama dishi la Azam TV, ambayo setilaiti yake iko digrii 7 Mashariki. Mwembe mrefu upande huo wa ua wapaswa kutazamwa kabla ya shimo kuchimbwa, si baadaye. DStv nayo hutumia setilaiti za Eutelsat zilizo digrii 36 Mashariki, ilhali Kwa Vonza iko karibu na digrii 38. Kwa hiyo setilaiti hizo ziko karibu utosini kabisa. Msishangae basi mkiona dishi limelazwa mno. Tena dishi la kawaida, lile ambalo kichwa chake hukaa upande wa chini badala ya katikati, huonekana limeinama kuliko linavyotazama kweli, basi msibishane na fundi kwa hilo. Muulizeni tu, kabla ya kununua, kama bano lake lafika mwinuko huo.

Bomba likiisha kusimama wima, lina faida nyingine ambayo muuza dishi hakuiuza. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Saa za Makka na saa za Kenya ni moja. Wakati huo simama kwenye ncha ya kivuli cha bomba ukilitazama bomba lenyewe: umeelekea kibla. Watoto hulipenda jambo hili kuliko vipindi vyote.

Picha zikipotea, fedha zisitoke haraka mfukoni. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi, na zikipotea mvua inyeshapo kisha zikarudi ikatikapo, hakuna kilichoharibika. Zikipotea kwa dakika chache karibu saa sita na nusu mchana, katika siku zinazozunguka tarehe 21 Machi au 22 Septemba, basi kwa setilaiti iliyo utosini jua limepita nyuma yake likaifunika kwa kelele zake. Mwende mkasali adhuhuri, mtazikuta zimerudi. Lakini zikipotea baada ya msimu wa mvua zisirudi tena, chukueni timazi kwanza kabla ya simu. Mara nyingi ni mlingoti uliolala.

Waya utokao kwenye dishi upite ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa hadi ukutani, kwani mbuzi hutafuna kila kitu, na kabla ya kuingia nyumbani ufanyiwe kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondokee nje. Mlingoti uunganishwe kwa waya wa shaba na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Hata hivyo ngurumo zikianza chomoeni umeme wa king'amuzi na ule waya wa dishi pia. Kuzima kwa rimoti hakumzuii radi.

Anayepanga na azungumze na mwenye nyumba kabla ya kuchimba, wakubaliane kama bomba litabaki siku ya kuhama. Dishi na kichwa chake hufunguliwa kwa spana moja, zege halifunguliwi. Na kwa upande wa malipo, twapendekeza fundi alipwe kwa mafungu mawili: fungu la kwanza bomba likiisha kupimwa kwa timazi mbele ya mwenye nyumba, na la pili atakaporudi siku ya nne kufunga dishi na picha zikaonekana. Fundi akikataa kurudi siku ya nne, wapo wengine Kitui mjini.