Ishara Inapotetemeka: Kasoro ya Umeme Kama Somo

Miongoni mwa vifaa ambavyo wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hupenda kuviunda ni kifaa cha kupelekea ishara kwa mwanga. Mahitaji yake ni machache: betri mbili kavu za volti 1.5 kila moja, balbu ya tochi ya volti 2.5, nyaya za shaba, na swichi ya ukanda wa bati uliopigiliwa misumari ubaoni. Mwanafunzi akibonyeza ukanda, balbu huwaka, akiuachia, huzimika. Lakini mara nyingi mwanga hutetemeka, na ishara moja ndefu ikasomeka kama fupi tatu.

Hapo ndipo mwalimu anapopimwa. Mwenye haraka hutikisa nyaya zote kwa pamoja, mwanga ukatulia, na kipindi kikaendelea. Hata hivyo, hakuna aliyejua kasoro ilikuwa wapi. Kesho yake itarudi, na wanafunzi watakuwa wamejifunza kwamba umeme ni jambo la bahati. Tunapendekeza njia nyingine.

(a) Kuchunguza kabla ya kugusa

Wanafunzi waulizwe: mwanga hutetemeka wakati gani? Ukitetemeka swichi inapobonyezwa, tushuku swichi. Ukitetemeka waya unapoguswa, tushuku kiungo kilicholegea. Ukififia polepole, kisha ukapata nguvu baada ya kupumzishwa, tushuku betri zilizochoka.

(b) Kueleza sababu

Balbu ya volti 2.5 na ampea 0.3 ina ukinzani wa omu 8 hivi inapowaka. Kiungo chenye kutu au vanishi kikiongeza omu 4, ukinzani huo umezidi kwa nusu yake. Mkondo hupungua na mwanga hufifia. Kidole kinapokaza na kulegeza bati, ukinzani hupanda na kushuka, na mwanga hufuata. Ikumbukwe kuwa baadhi ya nyaya za shaba hupakwa vanishi isiyoonekana kwa urahisi, na makopo mengi vilevile. Ncha zote zisuguliwe kwa msasa hadi zing'ae.

(c) Kupima sehemu moja moja

Ncha mbili za swichi ziunganishwe kwa kipande cha waya kilichosuguliwa, mfano wa daraja. Mwanga ukitulia, kasoro imo katika swichi. Ukiendelea kutetemeka, daraja liondolewe, swichi ifungwe kwa kubanwa, na viungo vingine vijaribiwe kimoja baada ya kingine, betri zikiwa za mwisho. Daraja lisiwekwe kamwe kati ya ncha mbili za betri wala za balbu, kwani mkondo mkubwa utapita na waya kupata moto. Majaribio haya ni ya betri kavu tu. Umeme wa nyumbani usiguswe.

Kanuni kuu ni hii: kila mara libadilishwe jambo moja tu, na matokeo yaandikwe. Ubaoni ichorwe jedwali yenye safu tatu: dalili, tulichobadilisha, kilichotokea. Mambo mawili yakibadilishwa pamoja na mwanga ukatulia, jedwali haitaweza kutuambia lipi lililoponya.

(d) Maandalizi ya mwalimu

Kabla ya kipindi, mwalimu aandae vifaa vitatu vyenye kasoro: kimoja chenye ncha isiyosuguliwa, cha pili chenye balbu isiyokazwa, cha tatu chenye betri zilizotumika sana. Kila kikundi kipewe kimoja bila kuambiwa kasoro yake. Mwalimu apite akiuliza, "Mmejuaje?", na mikono yake aiweke nyuma.

Zoezi: Bati likigonga msumari hudunda mara kadhaa kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia. Uzi wa balbu hubaki na joto, hivyo jicho halioni mdundo huo. Eleza kwa nini kifaa cha elektroniki kinachohesabu mibonyezo kinaweza kuhesabu mbonyezo mmoja kuwa mitatu au minne.